Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ushuru Wetu na Ushuru wa Wakubwa

Ndugu wanachama wa Malindi, Assalaam alaykum.

Hesabu za chama mtasomewa na mweka hazina. Mimi nitazungumzia ushuru, kwa kuwa ndio uliotushughulisha mwaka mzima.

Kabla ya Ramadhani mwenzetu mmoja mwenye nyumba ya wageni ya vyumba sita aliuliza: mbona yeye hulipa ushuru kwa kila shilingi ya mauzo, apate faida asipate, na mwaka 2023 ukapandishwa kutoka asilimia 1 hadi 3, hali hoteli kubwa inayojaa Disemba yote huandika hasara? Sikuwa na jibu siku ile. Nimelitafuta.

Kampuni kubwa hutozwa asilimia 30, lakini ya faida, na hapo ndipo ujanja ulipo. Chukueni mfano wa hoteli ya ufuoni ambayo mwenyewe ni kampuni ya ng'ambo. Kampuni dada, iliyoandikishwa kwenye kisiwa cha ushuru mdogo, huitoza ada ya usimamizi, ada ya kutumia jina, na riba ya mkopo. Mgeni naye keshalipia safari nzima nchini kwake kabla hajapanda ndege. Kinachofika hapa kikishatoa mishahara na umeme, hakibaki kitu cha kutozwa.

Je, ni halali? Tutenganishe maneno. Kukwepa ushuru ni kuficha mapato au kughushi vitabu, na hilo ni jinai. Kuepa ni kupita kwenye mianya ya sheria. Mawakili wa wakubwa hupenda kesi ya Uingereza ya 1936, ya Duke wa Westminster, aliyeacha kumlipa mtunza bustani wake mshahara, akamwandikia hati ya malipo ya kila mwaka ili ushuru wake mwenyewe upungue. Alishinda. Lakini hapa Kenya, Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 inautoza mpango uliobuniwa kuepa ushuru adhabu ya mara mbili ya ushuru wenyewe. Na Katiba, kifungu cha 201, yasema mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki. Kwa hiyo anayeniambia "halali" simwachi hapo. Namuuliza ni haki?

Mianya mingine tumeifungua wenyewe. Mkataba wa ushuru kati ya Kenya na Mauritius, nayo ni kisiwa cha ushuru mdogo, ulitiwa saini 2012. Shirika la kiraia likaenda kortini, na Machi 2019 Mahakama Kuu ikaubatilisha kwa sababu haukuwasilishwa bungeni inavyotakiwa. Wananchi waliuliza, wakasikizwa. Hilo lilinipa moyo kuliko jambo lolote mwaka huu.

Sasa la kwetu, na nalisema kwa uchungu. Kamati imepata habari za wanachama wenye vitabu viwili vya risiti, kimoja cha mgeni na kimoja cha KRA, mamlaka ya ushuru. Huko si kuepa, ni kukwepa. Dada zetu wanaojifungulia hospitali ya serikali hapa mjini, inayotegemea ushuru, hawaangalii aliyeficha ni mkubwa au mdogo. Kamati imeazimia kwamba atakayeendelea hatatetewa na chama.

Barua kwa wabunge wetu wa Kilifi, ya kutaka kila mkataba wa ushuru ujadiliwe hadharani, iko kwa katibu. Mwenye la kuongeza alipeleke kabla ya Ijumaa.