Barua ya Wazi kwa Waziri wa Fedha: Kabla Hamjarudi Kutuomba Kura

Kwa Mheshimiwa John Mbadi,
Waziri wa Fedha na Mipango ya Kiuchumi,
Nairobi.

Mheshimiwa Waziri, salamu nyingi kutoka Kongowea.

Mimi ni mpiga kura wa Mombasa, nauza mboga sokoni. Tarehe 10 Agosti 2027, Mungu akinijaalia uhai, nitapanga foleni kama nilivyopanga 2013, 2017 na 2022. Wanaoitaka kura yangu wameshaanza kupita huku na misafara yao, na kila mmoja ana lake: barabara, kazi za vijana, mikopo ya kina mama. Nawasikiliza wote. Ila nimeona nikuandikie wewe, kwa sababu kila ahadi inayotolewa jukwaani, iwe ya serikali au ya upinzani, mwisho wake itabisha hodi Hazina ya Taifa. Ninalolitaka ni hili: pesa mnazotukata, tuonyesheni zilikofika, na mzikate kwa njia ambayo mtu anayekula alichouza leo anaweza kuimudu.

Nianze na bima ya afya, maana ndiyo inayoniuma zaidi. Najua SHA, ile Mamlaka ya Afya ya Jamii inayosimamia bima hiyo, iko kwa mwenzako wa Afya. Lakini mfuko ni wa pesa, na pesa za serikali msimamizi wake ni wewe.

Enzi za NHIF, bima ya zamani kabla ya SHA, sisi tusioajiriwa tulilipa shilingi 500 kwa mwezi. Mwezi ukiwa mbaya ulichelewa, ukatozwa faini, lakini ulijikokota ukafika. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mambo yakageuka. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake mwezi baada ya mwezi. Mimi ninayetegemea mauzo ya siku natakiwa nitoe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mwenye mshahara wa uhakika analipa kidogo kidogo, na asiyejua kesho atauza nini analipa yote leo. Aliyepanga hivi alimuuliza nani sokoni?

Nilijisajili kwa *147#, nikajibu na yale maswali ya kupima uwezo: nyumba ina paa la nini, kuta za nini, choo cha aina gani. Nilijibu kweli tupu. Nyumba yetu ni ya mawe, aliijenga marehemu baba mkwe alipokuwa akifanya kazi bandarini, na umeme umo. Kwa majibu hayo nikaonekana mtu mwenye nafasi. Hakuna swali lililouliza ni siku ngapi kwa mwezi mchicha unaninyaukia mezani, wala mvua ikinyesha Kongowea kunakuwaje, matope hadi vifundoni na wateja hawaji. Kiwango nilichopewa kinazidi mtaji wangu wa mboga wa wiki nzima. Nikikitoa chote kwa siku moja, kesho yake sina cha kuweka mezani.

Mwaka jana mkaza mwanangu alishikwa na uchungu wa kuzaa usiku. Hospitalini, karani alichukua kitambulisho chake, akaangalia kwenye kompyuta, akatuambia: "Mama, huyu amesajiliwa, lakini mwaka haujalipiwa." Tukaanza kupiga simu kwa mashangazi, kwa majirani, kwa wenzangu wa chama, mpaka pesa zikatimia kwa M-Pesa alfajiri. Mtoto alizaliwa salama, namshukuru Mungu. Lakini tangu siku ile, nikisikia kwenye redio kwamba waliosajiliwa wamepita milioni 20, namkumbuka yule karani. Waliosajiliwa ni wengi, kweli. Wanaochangia hawafiki nusu yao, na asiyechangia akilazwa hospitali kubwa hana bima.

Mmetuletea Lipa SHA Pole Pole. Nia naiona, lakini ule ni mkopo: unakopeshwa mchango wa mwaka, kisha unaurejesha kidogo kidogo. Mama aliyekwisha kukopa mtaji, akakopa na karo, hataki deni la tatu ili apate kutibiwa. Tunachoomba ni chepesi. Turuhusuni tulipe kwa wiki au kwa mwezi, bila mkopo katikati, na bima ifanye kazi kwa kadiri tulivyolipa. Nimesikia hoja ya wataalamu kwamba watu watalipa wakiugua tu, wakipona waache. Hoja hiyo ina uzito, siipuuzi. Basi wekeni muda wa kungoja kabla bima haijaanza kufanya kazi, kila mtu aujue mapema. Huo tutauvumilia. Mkupuo wa mwaka ndio unaotufungia mlango.

Na mnapotuhimiza tuchangie, kumbukeni Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aliandika kwamba mfumo wa kompyuta wa SHA, wa zaidi ya shilingi bilioni 104, si mali ya serikali. Mtu akisoma hilo atauliza mchango wake unapita mikononi mwa nani. Sijasikia jibu ambalo naweza kulirudia kwa wenzangu wakalielewa.

Mwanangu ameajiriwa. Nilimwomba hati yake ya mshahara nikaisoma mstari kwa mstari: bima ya afya, NSSF ya akiba ya uzeeni, kodi, kisha asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri anaongeza 1.5 nyingine. Anaishi chumba cha kupanga Likoni. Hapingi wengine kujengewa. Anachotaka kujua ni nyumba ngapi zimekamilika kaunti yetu, amepewa nani, na foleni yake yeye iko wapi.

Kuna pia mafuta. Kila lita ina ushuru wa barabara wa shilingi 25, na huo huongezwa kwenye nauli ya kila gunia la kabichi linaloshushwa Kongowea. Mwaka 2025 mkachukua shilingi 7 katika hizo 25 mkazifanya dhamana ya kupatia shilingi bilioni 175, ili makandarasi walipwe madeni yao. Waliofanya kazi walipwe, sina ugomvi na hilo. Ila mafuta ambayo sijanunua bado, wewe umeshayaweka rehani, na deni la taifa limeshapita shilingi trilioni 11. Kabla hamjaweka rehani kitu kingine, njooni mtuambie rehani hii itakombolewa mwaka gani.

Shule nitazigusa kidogo. Serikali iliahidi shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka. Julai 2025 ni wewe mwenyewe uliyewaambia wabunge kwamba Hazina haiwezi kuzibeba zote. Nilikuheshimu kwa kusema wazi. Lakini pesa zikipungua mwalimu mkuu hafungi shule, anatugeukia sisi: pesa za mitihani, pesa za chakula, pesa za maendeleo. Katiba, kifungu cha 53, inasema elimu ya msingi, ambayo kisheria ni pamoja na sekondari, ni ya bure na ya lazima. Kama hamuiwezi, wagombea wenu wasiitaje bure jukwaani.

Juni 2024 vijana wetu waliingia barabarani kwa sababu ya Mswada wa Fedha. Tarehe 25 wengine waliuawa, na kesho yake Rais akasema hatautia sahihi. Walioandamana walikuwa wakiuliza haya haya ninayokuuliza kwa barua. Sitaki mtoto wa mtu afe tena ndipo swali la bajeti lisikilizwe.

Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 201, inataka mambo ya fedha za umma yawe wazi na wananchi washirikishwe. Nimehudhuria kikao cha kutoa maoni. Karatasi tulizogawiwa zilikuwa za Kiingereza, nene, na tulizipata asubuhi ile ile. Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi. Tuandikieni kurasa chache kwa Kiswahili, kaunti kwa kaunti: bima imelipa hospitali zipi, shule zipi zimepokea kiasi gani, nyumba zipi zimekwisha. Zibandikwe ofisi ya chifu na langoni mwa soko wiki mbili kabla ya kikao.

Muda si mwingi. Makadirio ya bajeti hufika bungeni kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka wa uchaguzi wa 2022 bajeti ilisomwa mapema zaidi, tarehe 7 Aprili. Ukitaka kubadilisha utaratibu wa kulipia bima kabla ya kura, kazi hiyo ianze sasa. Wagombea wote watakaofika Kongowea, wa chama chochote, nitawauliza maswali haya. Jibu lako likitangulia, nitalisoma kwa sauti pale kwenye meza za mboga, na wenzangu watalipima pamoja na ya wengine.

Wako mwaminifu,
Muuza mboga na mpiga kura,
Kongowea, Mombasa.