Risala ya Wataalamu wa Maabara ya Mifugo kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Karibu sana. Hatutakuchosha na hesabu za sampuli. Nguruwe mwenye afya tele anaweza kubeba bakteria waitwao Streptococcus suis kwenye tonsili zake, hivyo kumkuta nao si habari. Habari ni ukoo wao. Mwaka 2005, huko Sichuan, China, ukoo uitwao ST7 wa serotaipu 2 (serotaipu ni aina ya bakteria kulingana na ganda lake la nje) uliua watu 38 kati ya zaidi ya 200 waliougua, wengi wakiwa wamechinja au kushika nyama ya nguruwe wagonjwa.

Kijiti cha pamba husuguliwa kwenye tonsili zenyewe, ulimi haufai. Sampuli hupandwa kwenye agari, yaani lishe ya kuoteshea bakteria, yenye damu ya kondoo, nyuzi 37, hewa ya kabonidioksidi asilimia 5. Kesho yake hutafutwa vidoa vya bakteria mithili ya kichwa cha pini, vyenye ukijani pembeni. Kidoa kimoja huchemshwa dakika 10 kwenye maji safi, kisha huzungushwa kwa sentrifuji. DNA hubaki kwenye maji ya juu. Mkono ukiwa mzito ukakwangua na agari, damu huzima kimeng'enya cha PCR, kipimo cha kurudufu DNA, na jibu huwa "hakuna" wakati bakteria wapo. Makosa mengi huzaliwa hapo.

PCR ya kwanza husaka jeni recN, kuthibitisha spishi, maana koo la nguruwe limejaa streptokokasi za kufanana. Ya pili husaka jeni cps2J, kutambua serotaipu. Hii nayo ina hila: huitikia serotaipu 2 na serotaipu 1/2 sawasawa. Kinachozitenganisha ni herufi moja ya jeni cpsK, nafasi ya 483, ambayo kwa serotaipu 2 ni G. Lazima kipande hicho kisomwe.

Hatimaye hutazamwa kisiwa cha jeni, yaani kundi la jeni zilizo pamoja, kiitwacho 89K, kilichokutwa kwenye ukoo wa Sichuan. Kikikosekana, tafadhali asitokee wa kutangaza usalama: ukoo mwingine, ST1, ambao nao huleta homa ya uti wa mgongo na ukiziwi, mara nyingi haina 89K. Ukoo huthibitishwa kwa kusoma jeni saba.

Mheshimiwa, kipande cha cpsK tunakipeleka kusomwa nje, na majibu hurudi nguruwe wakishachinjwa. Tunaomba mashine ndogo ya kusomea DNA, na jenereta ya friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri.

Tunaomba kuwasilisha.