Kabla hamjaja Hocking Hills

Columbus, Ohio

Kwako Baraka,

Salamu nyingi, na shikamoo kwa mama. Umeuliza kama Hocking Hills, ile hifadhi ya mapango na makorongo hapa Ohio, panafaa kuja na mama pamoja na watoto. Panafaa sana, ila siyo Jumamosi ya Oktoba majani yakigeuka rangi, maana mtazunguka kutafuta maegesho mpaka mchoke. Njooni katikati ya wiki, saa mbili asubuhi muwe mmefika. Kiingilio hakuna.

Anzeni na Ash Cave (yaani Pango la Majivu) kwa ajili ya mama. Njia ya bondeni ni robo maili tu, imesakafiwa, hata kiti cha magurudumu kinapita. Mwisho wake kuna pango lenye umbo la kwato: futi 700 toka ncha hadi ncha, na paa lake liko futi 90 juu. Walowezi wa kwanza walikuta humo malundo ya majivu, ndipo likapata jina. Maji yanayodondoka mbele yake hupungua sana kiangazi; mkitaka kuyaona yakimwagika kweli, njooni Machi au Aprili.

Usitazamie giza la mapango ya Amboni kule Tanga, lakini. Amboni ni mawe ya chokaa yaliyoyeyushwa na maji. Huku ni mchanga ulioletwa na mito na kutuama kwenye delta ya bahari ya kale, takriban miaka milioni 350 iliyopita, ukagandamana ukawa mwamba. Mwamba huo una matabaka matatu: la juu na la chini ni magumu, la kati ni laini. Maji na barafu hulila la kati, la juu likabaki kama baraza. Pale Old Man's Cave, pango jingine la hapa, sugua ukuta kwa kidole gumba. Utabaki na chengachenga za mchanga mkononi.

Chengachenga hizohizo ndizo zinazoangusha watu. Juu ya magenge udongo ni mwembamba, umefunikwa na majani ya msonobari, na chini yake mchanga unabingirika kama gololi. Sehemu nyingi hazina uzio. Watoto washikwe mkono, na asiwepo wa kutoka nje ya njia kwa sababu ya picha. Old Man's Cave ina ngazi nyingi za mawe, zinazoteleza zikilowa, kwa hiyo mama abaki Ash Cave na mtu mmoja. Mtandao ni wa kubahatisha. Pakua ramani ukiwa nyumbani.

Miti mirefu ya kijani bondeni inaitwa hemloki. Barafu kuu ya zamani haikufika hapa, ila baridi yake ilifika, na hemloki wamedumu kwa kuwa makorongo hayapati jua. Cedar Falls (yaani Maporomoko ya Mierezi) ilipewa jina na watu waliodhani hemloki ni mierezi! Siku hizi adui wao ni mdudu mdogo kutoka Asia anayewafyonza. Mkiona vijipamba vyeupe chini ya tawi, msilivunje wala kulibeba, waambieni walinzi.

Jimbo lilinunua ekari 146 za kwanza mwaka 1924, na vijana wa kazi za umma wa miaka ya 1930 wakachonga sehemu ya ngazi na mahandaki mtakayopita. Wewe mwenyewe ukitaka kutoa jasho, ipo njia ya maili 6 toka Old Man's Cave hadi Ash Cave. Imepewa jina la bibi Emma Gatewood, aliyetembea peke yake njia yote ya Appalachia, ile njia ndefu ya miguu ya milima ya mashariki mwa Marekani, mwaka 1955, akiwa na miaka 67. Panga gari la pili likungoje upande wa pili, la sivyo utairudia yote kwa miguu.

Nijulishe tarehe, niwawekee buti za watoto.

Wako,
Mwanaidi