Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji: klorini ibaki, mkaa uongezwe

Mheshimiwa Waziri,

Naanza na nisichokiomba, nisije nikaeleweka vibaya: klorini isipunguzwe. Kipindupindu tunakijua, na Shirika la Afya Duniani nalo linasisitiza kwamba uuaji wa vimelea usilegezwe kwa kuhofia kemikali.

Ila kemikali zenyewe zipo. Mwaka 1974 mkemia wa maji wa Rotterdam, Johannes Rook, alionyesha kuwa klorini ikikutana na mabaki ya mimea yaliyoyeyuka majini huzaa klorofomu na ndugu zake, trihalomethani. Marekani iliweka kikomo mwaka 1979. Leo ni mikrogramu 80 kwa lita, wastani wa mwaka, kwa kuwa zinashukiwa kuchangia saratani ya kibofu kwa anayezinywa miaka mingi. Ziwa Victoria lina mwani, magugu maji na kila kinachosombwa na mito wakati wa masika. Tena trihalomethani huongezeka kadiri maji yanavyokaa bombani, hasa yakiwa ya uvuguvugu kama yetu hapa Mwanza. Kipimo cha mtamboni Capripoint, maji yanakosafishiwa, hakimwambii wa Igoma, mbali na mtambo, anakunywa nini.

Dawa yake ni kuyaondoa mabaki hayo kabla klorini haijatiwa, na mkaa amilifu, yaani mkaa uliotengenezwa maalumu ukajaa vitundu vidogo, huyanasa kwenye vitundu hivyo. Cincinnati, Marekani, wanaokunywa maji ya mto Ohio, wanapitisha maji kwenye vitanda vya mkaa wa chenga tangu 1992, na ukichoka wanauchoma upya kwenye tanuri zao. Huo ni mtaji mkubwa. Sisi tunaweza kuanza na mkaa wa unga, utiwe pamoja na shabu ya kutuamishia uchafu miezi ambayo ziwa linageuka kijani, kisha utuame na tope. Hata ile harufu ya mwani inayotukera itapungua.

Najua wapo watakaokimbilia vifuu vya nazi vya Tanga na Mafia. Wazo zuri, lakini mkaa wa vifuu una vitundu vidogo mno: hukamata vizuri klorofomu iliyokwisha kuzaliwa kuliko mabaki ya mimea, ambayo molekuli zake ni kubwa. Ujaribiwe kwanza kwa maji ya ziwa, zabuni baadaye.

Kwa bajeti ijayo naomba mawili tu: trihalomethani zipimwe kwenye mabomba ya mwisho, masika na kiangazi, na majibu yabandikwe pale tunapolipia ankara.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mteja wa maji, Mwanza