Wifi, usitie sahihi kwanza

Wifi yangu,

Najua wazee wa kwetu wameshakujia mara tatu na ile karatasi, wanataka baba mdogo ashike shamba la marehemu kaka mpaka mtoto akue. Mimi ni damu yao. Ndiyo maana nakuandikia hadharani, nao wasome.

Nimekuwa nikimsoma Amalie Elisabeth, mjane aliyetawala jimbo la Hesse-Kassel, Ujerumani, na kila ukurasa nakuona wewe. Mwaka 1637, Vita vya Miaka Thelathini, vita vya dini na madaraka huko Ulaya, vikiwa vimepamba moto, mumewe Wilhelm V alifia ugenini, mji wa Leer. Mrithi alikuwa mtoto wa miaka 8. Wosia ulimwachia mama utawala, lakini Kaizari, mkuu wa dola lililokusanya majimbo ya Ujerumani, alikuwa ameshamteua Georg wa Hesse-Darmstadt alisimamie jimbo. Mtu wa ukoo uleule, wifi!

Mjane alibaki na kitu kimoja cha maana: jeshi la mumewe, lililopiga kambi Friesland Mashariki. Kila upande ulilitaka. Basi akazungumza na Kaizari, akazungumza na Ufaransa, wala hakukurupuka. Mwaka 1638 mkataba na Kaizari ulikuwa tayari mezani. Hakuukataa, ila alishikilia kwamba Wakalvini, Waprotestanti wa dhehebu lake, watambuliwe kisheria. Wakamsukuma, akavuta siku. Agosti 1639 akafunga ushirika na Ufaransa, akapata fedha za kuwalipa askari.

Sikufichi, ushirika ule ulirefusha vita. Wanakijiji wa Friesland Mashariki waliolilisha jeshi lile hawakuwa na ugomvi wowote naye, na hilo linaniuma kila ninapomsifu. Lakini amani ya Westfalia ya 1648 iliwatambua Wakalvini, na Hesse-Kassel ikalipwa fidia ya taleri 600,000, sarafu za fedha za wakati ule. Mwaka 1650 alimkabidhi mwanawe utawala, jimbo likiwa zima. Mwaka uliofuata akafariki, na umri wake miaka 49 tu.

Wewe huna jeshi. Una hati ya shamba, ile iliyo kwenye kopo la biskuti, yenye jina la kaka na lako. Usiitoe hata kwa kuangaliwa tu. Jumamosi nakuja na basi la asubuhi, tuketi na wazee pamoja. Wakitangulia kufika, wapikie chai, uwaambie unamsubiri wifi yako.