Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: tununulieni mashine ndogo ya picha za meno, ile kubwa isubiri

Mheshimiwa Waziri, pole na majukumu. Mimi ni tabibu wa meno, nafanya kazi huku Arumeru, kituo sikitaji maana sijaja kumchongea mtu. Kila mwaka ikifika 20 Machi, Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, tunavaa tisheti, tunapima watu bure uwanjani kwa tochi na kioo, tunapiga picha na viongozi, halafu kesho yake tunarudi kung'oa. Picha za viongozi zipo nyingi tu, za meno ndo hakuna, na hilo ndo lililonileta.

Mtu anakuja shavu limevimba, usiku hajalala, anakwambia dokta we ng'oa tu, na ukiangalia unakuta kweli hapo cha kuokoa hakuna. Sasa hilo jino halikuoza wiki ile. Kuoza kunaanza na madini kutoka kwenye enameli, lile ganda gumu la nje la jino, kidogo kidogo, miezi na miezi, mara nyingi inachukua miaka, na sehemu mojawapo panapopenda kuanzia ni pale magego mawili yanapogusana, ambapo kioo hakiingii na jicho halifiki, juu unaona jino zuri kabisa. Ukija kuona kile kivuli cha kijivu kwenye ukingo wa gego ujue ndani huko dentini, tabaka lililo chini ya enameli, imeshaanza kuliwa.

Najua kuna watakaosema wataalamu waongeze umakini wa kuangalia. Sawa, lakini lile doa jeupe la mwanzo kabisa halionekani jino likiwa na mate, mpaka ulikaushe kwa hewa kama sekunde 5 hivi, sasa kompresa, ile mashine ya kupuliza hewa, ikiwa mbovu au umeme umekatika unakausha na nini, upulize na mdomo? Na ile tabia ya kuchokonoa na chuma chenye ncha kali siku hizi tunaambiwa tuache, maana unaweza kuvunja tabaka la juu ambalo lingeweza kupona lenyewe bila kuziba.

Halafu huku kwetu kuna la ziada. Maji ya huku yana floraidi nyingi, madini ambayo yakizidi yanaharibu rangi ya meno, ardhi ya volkano hii, ndo maana pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuipunguza kwenye maji, wanachuja kwa mkaa wa mifupa. Meno ya kahawia kwetu ni kawaida, na mtu akiyaona anasema yameoza. Kuna mama alimleta kijana wake wa darasa la sita, anataka yale ya mbele yatolewe yote kwa sababu anataniwa shuleni. Ya mbele yalikuwa mazima, rangi tu ilikuwa mbaya. Kijana mwenyewe ndo akasema nyama inanasa huku nyuma. Nikamulika, nikaangalia, sioni kitu, yote kahawia. Ikabidi niweke ile raba ndogo wanayotumia watu wa kunyoosha meno, inasukuma magego yaachane, akarudi siku kadhaa baadaye nikaitoa ndo nikaona, tundu limeshafunguka ubavuni mwa gego. Tukaliziba. Ingekuwepo mashine ningeliona siku ileile, na kama angekuja mapema zaidi pengine lisingefika kuzibwa.

Mashine ninayoisema Mheshimiwa si ya maajabu. Kuna picha tunaiita baitiwingi, mgonjwa anang'ata kipande kidogo chenye filimu au kile kibati cha kidijitali, unapiga kwa ubavuni, unapata vichwa vya magego ya juu na ya chini kwenye picha moja. Kuoza kwa mwanzo kunaonekana kama pembetatu nyeusi ndogo kwenye enameli, ncha inaelekea ndani. Daktari Howard Raper wa Marekani aliileta 1925, yaani imeshatimiza miaka 100.

Ninachoogopa ni kwamba tukiomba mashine ya picha za meno tunaletewa ile kubwa inayozunguka kichwa inapiga taya zima. Inapendeza siku ya uzinduzi na kwa taya lililovunjika au jino la mwisho lililolala inafaa sana, ila kwa kuoza kwa mwanzo haifai, meno yanapandana kwenye picha na vitu vidogo vinapotea. Na zile kalamu za leza za kupimia kuoza msituletee huku tafadhali, kwenye meno yenye madoa zinapiga kelele ovyo hata pasipooza. Afadhali hata taa ndogo yenye mwanga mkali ya kumulika kupitia jino, meno ya mbele inayasoma vizuri tu, palipooza panakuwa na kivuli.

Sidanganyi kwamba eksirei inaona kila kitu. Mpaka pembetatu ile ionekane madini yanakuwa yameshapungua kwa kama asilimia 30 hadi 40, kwa hiyo hata picha inachelewa. Ila inatangulia maumivu kwa muda mrefu mno. Suala la mionzi wazazi wanauliza na wana haki, dozi ya picha moja ni sawa na mionzi tunayoipata kwenye mazingira kwa siku moja hivi, na si kwamba tutampiga kila mtoto kila akipita, asiye na hatari kubwa ya kuoza anaweza kukaa hata mwaka mmoja au miwili bila picha. Mashine lazima isajiliwe na Tume ya Nguvu za Atomiki, na wenyewe wana ofisi Arusha hapahapa.

Ukishaona mapema huchimbi. Unapaka vanishi ya floraidi, unamfundisha kusafisha katikati ya meno, unapiga tena baadaye kuangalia. Kwa lililotoboka kwa mtoto mdogo kuna ile dawa yenye madini ya fedha inayogeuza palipooza kuwa peusi na kuzuia kusonga, Shirika la Afya Duniani (WHO) waliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu 2021. (Wazazi wa huku ukitaja floraidi wanaruka, si ndo iliyotuharibia meno! Inabidi ueleze kwamba ile ilimezwa jino likiwa bado linaumbwa, hii inapakwa juu ya jino lililokwishaota.)

Kwa hiyo maombi yangu ni haya: kila hospitali ya wilaya ipate mashine moja ndogo ya ukutani au ya mkononi, Bohari ya Dawa wawe na vanishi muda wote, na kwenye kitita cha Bima ya Afya kwa Wote, sheria ambayo Bunge lilipitisha 2023, baitiwingi na vanishi vilipiwe hata kwa asiyeumwa. Na bajeti ya fundi isisahaulike, vifaa vyetu vinakufa kwa kukosa spea ya bei ndogo tu.

Wako,
Tabibu wa meno, Arumeru