Picha zinazoishia mabegani

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, natumai nyote huko ni wazima.

Juzi uliniuliza mbona picha ninazotuma zote zinaishia mabegani. Nikacheka, nikageuza mazungumzo. Kwenye simu sikuweza kukujibu.

Nimenenepa, dada, na si kidogo. Safari iliyopita mkanda wa kiti cha ndege haukunizunguka. Mhudumu akaniletea kipande cha kuongezea, kakificha ndani ya blanketi ili jirani yangu asikione. Nilimshukuru kwa moyo wote, na hapohapo nikamchukia kwa kukificha. Tukatua sijajua lipi zaidi.

Hospitali nako, muuguzi alinifunga mkanda mdogo wa kupimia presha, ikasoma juu, akaanza kunihubiria uzito. Mwenzake akaleta mkanda mpana unaonienea mkono, presha ikashuka. Mkanda ukibana, kipimo hupanda. Si wanajua hilo? Faili langu limeandikwa BMI 36, yaani uzito ukilinganishwa na urefu. Hesabu hiyo ilibuniwa na Mbelgiji, Adolphe Quetelet, miaka ya 1830, wala hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa hesabu na nyota. (Mambo haya nayasoma usiku, utadhani naandaa kesi.) Ila magoti yananiuma nikipanda ngazi, na hilo siwezi kumsingizia Quetelet.

Lililonikaa moyoni ni jingine. Unakumbuka nilipougua, nikakonda hadi pete ikawa inadondoka? Kila mtu alinisifu. Hata wewe ulisema, "Sasa umependeza." Chakula kilikuwa hakikai tumboni, usiku silali, na bado sifa zile zilikuwa tamu. Sikukusahihisha. Hadi leo zipo siku nikijitazama kwenye kioo namtamani yule mgonjwa, na naona aibu kukuandikia hivi.

Halafu kesho yake natoka kuoga, najipaka mafuta taratibu, najiona nimekamilika, mapaja na vyote, simtaki mtu wa kunipunguza hata kilo moja.

Ndani ya bahasha nimekuwekea picha. Nimesimama, naonekana kuanzia kichwani hadi miguuni. Mama usimwonyeshe kwanza. Au basi, mwonyeshe. Ila ukinipigia, tuanze na habari za kazi. Hiyo picha nitaiulizia mwenyewe.

Mdogo wako